Kijiko cha Mchele

Mama mkwe aliniachia chungu chenye mfuniko, kijiko cha shaba,
na agizo moja:
kila upikapo, maji hayajagusa mchele,
chota kijiko kimoja, weka kando. Hicho cha Bwana.
Jumapili tunakipeleka kanisani ndani ya mfuko wa kitambaa.
Miaka kumi na tisa sijakosa.
Wala sikuwahi kuuliza unaishia wapi.

Mwezi wa pili, kiwanda cha meli kilisoma majina.
Pilgyu alirudi nyumbani jua lingali juu,
barakoa ya kuchomelea kwapani
kama kichwa cha mtu mwingine.
"Tumepunguzwa," alisema. Akavua viatu,
akavipanga mlangoni, kisigino kwa kisigino,
kwa uangalifu ambao sijapata kuuona kwake.

Kisha zikaanza barua.
Barua Busan, barua Ulsan,
barua kwa kampuni ya mabomba yenye jina la kigeni
ambalo kila mmoja wetu alilitamka kivyake.
Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.
Sisi tuliigaagaa pwani yote ya kusini,
na wali tukaula mkavu.

Sohui, wa darasa la sita, ndiye karani wetu.
"Uzoefu: miaka ishirini na miwili.
Baba, sifa nyingine?"
Pilgyu akaitazama mikono yake.
"Andika siogopi kupanda juu."
Kalamu ikaandika.
"Futa. Andika nawahi."

Saa kumi na nusu alfajiri tunateremka kanisani,
upepo wa bandari ukituuma masikio.
Huko kila mtu huomba lake kwa sauti, wote kwa pamoja,
kama mashine mia zilizowashwa na swichi moja.
Pilgyu hunong'ona.
Siku moja nilimtegea sikio, nikaambulia neno moja tu: basi.
Sijui ni basi, inatosha,
au ni basi, nimechoka.
Nikaliacha hapo. Aliyeambiwa alisikia.

Nami niungame langu.
Mwezi wa tano, siku nilipoona sakafu ya ndoo ya mchele,
nilichota nusu kijiko.
Nikakisawazisha kwa kidole, taratibu,
kana kwamba Mungu anatembea na mizani.
Kesho yake nusu. Keshokutwa nusu.
Jumapili mfuko ulikuwa mwepesi, nikaubeba kwa mikono miwili
ili uonekane mzito.

Jumamosi iliyofuata, hodi.
Shemasi Bong Malsun, na magoti yake mabovu,
ngazi za ghorofa nne, gunia mgongoni.
Hakuhubiri. Aliomba maji, akanywa, akashuka.

Nilifungua gunia, nikajua.
Mchele mweupe, mchele wa kahawia, punje nyeusi hapa na pale,
shayiri, hata dengu mbili zilizopotea njia:
mchele wa majiko arobaini.
Ndipo nikajua unaishia wapi.
Unaishia kwa mtu kama mimi.
Na humo ndani, sijui wapi,
mlikuwa na nusu zangu, zimenirudia,
zimechanganyika na vijiko vilivyojaa vya wenzangu.

Ulikataa kuiva sawasawa.
Punje nyingine bokoboko, nyingine kokoto.
Pilgyu alitafuna muda mrefu.
"Mchele wa nani huu?"
"Wa watu," nikasema,
na koo likanifunga, nikajifanya nimepaliwa.
Sohui akanigonga mgongo, mara tatu, kwa nguvu zaidi ya haja.

Jioni ile, maji hayajagusa mchele,
nilichota kijiko kimoja. Kikafurika,
punje zikaruka chini ya jiko. Nikaziacha huko.

Simu imelia mara moja tangu hapo.
Mtu wa Tongyeong, mwenye hamamu, boila zake zinavuja,
mshahara nusu ya ule wa zamani, labda pungufu.
Anataka kumwona Alhamisi, saa tatu.

Leo Jumatatu.
Shati limeshapigwa pasi, limetundikwa mlangoni,
na viatu chini yake
vimeelekea nje.